Akili, Moyo na Mawazo: Lugha ya Tovuti ya Kuwasaidia Vijana Wenye Dhiki ya Nafsi

Tovuti ya kuwasaidia vijana wenye dhiki ya nafsi, hata ikiwa imesanifiwa na mafundi hodari, huanza kwa neno. Kijana wa miaka kumi na mitano asiyepata usingizi, aliyeazima simu ya dada yake kwa nusu saa, haandiki jina la ugonjwa. Huandika kile anachokisikia mwilini na moyoni mwake. Neno lake likikosekana katika ukurasa, ukurasa huo hatauona kamwe. Na akiuona, lakini ukamkaribisha kwa neno linalomtisha, ataufunga kabla ya kusoma sentensi ya pili. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi huduma za namna hii zinavyojengwa, na kuonyesha kwamba kwa wasemaji wa Kiswahili, hususan wale wa Kongo, sehemu ngumu ya ujenzi imo katika msamiati kuliko katika mitambo.

Haja yenyewe haina ubishi. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, kijana mmoja kati ya saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo fulani la afya ya akili, na kujiua ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya watu wenye umri wa miaka 15 hadi 29. Waganga wa fani hii ni wachache mno barani Afrika, na aghalabu hukaa katika miji mikubwa. Simu, kwa upande wake, imefika hata pale ambapo mganga hajafika. Ndiyo maana wengi wameona kwamba msaada wa kwanza unaweza kupitia huko.

Asili ya huduma hizi

Australia ndiyo iliyotangulia. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Jack Heath, baada ya ndugu yake kijana kujiua, aliasisi shirika lililoanzisha ReachOut, mojawapo ya huduma za mwanzo kabisa za kuwasaidia vijana kwa njia ya intaneti. Mwaka 2001 Helen Christensen na Kathleen Griffiths wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, mjini Canberra, walifungua MoodGYM. Hiyo ilikuwa programu ya mafunzo ambayo mtu huyafuata peke yake, hatua kwa hatua, kwa misingi ya tiba ya fikra na mwenendo. Tiba hiyo husema kwamba wazo, hisia na tendo vimefungamana. Mtu akiwaza "mimi sifai kitu", moyo huzama; moyo ukizama, huacha kutoka nje na kuonana na wenzake; na kukaa peke yake huonekana kwake kuwa ushahidi kwamba kweli hafai. Mafunzo humsaidia kulikamata wazo, kulipima, na kutenda jambo dogo linalokata mzunguko huo.

Je, mashine yaweza kufundisha hayo? Mwaka 2004 watafiti hao walichapisha katika jarida la tiba la Uingereza, BMJ, jaribio lililohusisha watu wazima 525 wenye dalili za huzuni nzito. Kundi moja lilipewa MoodGYM. La pili lilipewa tovuti iliyoitwa BluePages, ambayo haikuwa na mazoezi ya namna hiyo, ila maelezo tu kuhusu hali hiyo na matibabu yake. La tatu lilikuwa la kulinganisha. Makundi yote mawili ya kwanza yalipata nafuu zaidi ya la tatu. Matokeo ya kundi la pili yafaa yatazamwe vizuri na wanaofundisha lugha: maandishi yaliyo wazi, yanayomwambia mtu ukweli kuhusu hali yake bila kumtisha, yalipunguza dalili.

Miaka minane baadaye, mwaka 2012, Sally Merry na wenzake wa Auckland, New Zealand, walitangaza katika jarida hilohilo matokeo ya SPARX, mchezo wa kompyuta wenye ngazi saba. Vijana 187 wa miaka 12 hadi 19 walishiriki. Nusu walipewa mchezo, nusu wakapewa huduma ya kawaida, aghalabu ushauri wa ana kwa ana. Mchezo haukuonekana kuwa duni kuliko huduma hiyo. Ndani yake mawazo mabaya yamegeuzwa kuwa viumbe vidogo vyenye mabawa vinavyomshambulia mchezaji kwa maneno, na jina lao la Kiingereza ni kifupisho kinachosikika kama jina la mdudu mdogo arukaye. Mzaha huo hautafsiriki. Mtu atakayeuleta mchezo wa namna hiyo kwa Kiswahili itambidi aanze upya, na pengine mbu angemtosha: kila mtoto wa Kongo anajua jinsi mbu mmoja avumaye sikioni anavyoweza kumnyima usingizi mtu mzima.

Kuna kasoro moja inayozisumbua huduma hizi zote. Watu wengi wanaoingia wenyewe, bila mtu wa kuwafuatia, huacha njiani baada ya sehemu ya kwanza au ya pili. Tovuti inayojigamba kwa idadi ya waliofungua mlango haijasema lolote bado kuhusu waliosaidiwa.

Neno "akili" mlangoni

Istilahi rasmi ni "afya ya akili". Imekwisha kukubalika katika sera za serikali, redioni na magazetini, wala hakuna sababu ya kuipiga vita. Walakini mwanafunzi huwa na maana yake ya neno "akili" kabla hajakutana na istilahi hiyo. Akili ndiyo anayosifiwa mtoto afaulupo hesabu. "Hana akili" ni tusi la darasani. Na "mgonjwa wa akili" ni yule apitaye barabarani akizungumza peke yake huku watoto wakimzomea. Kijana anayelia usiku kwa sababu ya kifo cha baba yake hajioni katika picha yoyote kati ya hizo. Kumwandikia mlangoni kwamba hapa ni mahali pa afya ya akili ni kama kumwuliza kwanza kama yeye ni mjinga au ni kichaa.

Istilahi nyingine nazo hazina hadhi moja. "Wasiwasi" linaeleweka kila mahali. Lilitoka katika Kiarabu, likiwa na maana ya mnong'ono unaomshawishi mtu, na hata leo linabeba kitu cha sauti isiyonyamaza. "Sonona" limependekezwa kwa huzuni nzito isiyoondoka. Ni neno zuri, lenye mizizi katika kitenzi cha kale cha maumivu, na msomaji wa pwani aliyezoea "kusononeka" atalipokea; kijana wa Kisangani au Kolwezi huenda asilijue kabisa. "Kiwewe" kwa asili ni mfadhaiko wa mtu aliyeshtuliwa, nalo sasa limetwikwa mzigo wa jeraha lote la nafsi litokanalo na vita au ubakaji. Huko Kivu, baada ya miaka mingi ya kazi za mashirika ya misaada, ni neno la Kifaransa lenye maana hiyo ndilo lililoingia sokoni na kanisani. "Stresi" husikika Nairobi na Lubumbashi pia, huku likitoka katika Kiingereza na kule likitoka katika Kifaransa, na vijana hulitumia pasipo haya kwa sababu halimwiti mtu mgonjwa.

Lakini lisemwalo zaidi, lisilohitaji kufundishwa, ni "mawazo". Kijana wa Bukavu husema "niko na mawazo mingi", na kila asikiaye huelewa kwamba hasifii wingi wa fikra zake. Husema pia "roho inaniuma", "sina amani", "kichwa kinazunguka". Sarufi ya shule itasahihisha "mawazo mingi" kuwa "mawazo mengi", na mwalimu ana haki yake. Tovuti haina haki hiyo. Mtambo wake wa kutafuta usipokubali maandishi yote mawili, pamoja na makosa ya tahajia ya mtu anayeandika gizani kwa kidole gumba, utakuwa umemfukuza mgeni kwa kosa la upatanisho wa ngeli.

Jambo hili limekwisha kujitokeza katika lugha nyingine ya Kibantu. Wasemaji wa Kishona nchini Zimbabwe huita dhiki ya namna hii kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi: katika lugha yao kufunga ni kufikiri, na kiambishi cha mwisho huongeza nguvu ya tendo. Katika miaka ya 1990 Vikram Patel na wenzake walitunga hojaji ya maswali 14 kwa misemo ya Kishona yenyewe, na mwaka 2013 kufungisisa liliingizwa katika mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani, DSM-5, kama mojawapo ya dhana za kitamaduni za dhiki. Mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda alianza pamoja na bibi 14 wa Mbare, Harare, huduma ya mazungumzo kwenye benchi nje ya zahanati. Yeye alitaka benchi hilo liitwe la afya ya akili. Bibi hao walimweleza kwamba hakuna atakayekubali kuonekana amelikalia, nao wakachagua jina la Kishona lenye maana ya kiti cha kupeana mashauri. Kwa Kiingereza likaitwa benchi la urafiki. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016, lililohusisha watu 573, lilionyesha kwamba baada ya miezi sita waliopata huduma hiyo walikuwa na dalili chache zaidi kuliko wenzao. Hapana shaka mazungumzo ndiyo yaliyowaponya. Lakini jina ndilo lililowaketisha.

Hata Kongo ina mfano wake, na wa Kiswahili. Mjini Goma kituo cha tiba ya maradhi haya kinaitwa Tulizo Letu. Hakuna ndani ya jina hilo akili, wala ugonjwa, wala wazimu. Nchini Kenya, Tom Osborn na wenzake waliipa kazi yao ya kuwasaidia wanafunzi wa sekondari jina la Shamiri, kitenzi cha kustawi na kuenea. Mafunzo yao hayaanzi na maradhi: yanazungumzia jinsi mtu anavyoweza kubadilika na kukua, shukrani, na mambo ambayo kijana anayathamini maishani. Mwaka 2020 walichapisha matokeo ya jaribio la Shamiri ya kompyuta, kipindi kimoja tu, kwa wanafunzi 103 wenye umri wa miaka 13 hadi 18. Ikilinganishwa na kipindi cha mbinu za kusoma, ilipunguza dalili za huzuni nzito katika muda wa majuma mawili. Muda huo ni mfupi, na haifai kuukuza zaidi ya ulivyo; hata hivyo umeonyesha kwamba tovuti inaweza kumsaidia kijana wa Kiafrika katika chumba cha kompyuta cha shule ya kawaida.

Maswali yanapotafsiriwa

Takriban kila tovuti ya namna hii huwa na maswali ya kupima hali ya mtu. Yanayotumika sana ni yale tisa ya PHQ-9, yaliyochapishwa mwaka 2001, yanayouliza kuhusu majuma mawili yaliyopita. Kila jibu hupewa alama kutoka 0 hadi 3, na jumla ya 10 au zaidi huhesabiwa kuwa dalili ya kutafuta uchunguzi. Njia ya kawaida ni kumpa mtu mmoja atafsiri kwenda Kiswahili, na mwingine asiyeona asili atafsiri kurudi Kiingereza, kisha maandishi mawili ya Kiingereza yalinganishwe.

Njia hiyo inatumainiwa kupita kiasi. Hugundua makosa ya mfasiri, lakini haiwezi kugundua neno lililo sahihi na lisilo na uhai. "Afya ya akili" hurudi Kiingereza bila kupoteza hata herufi. "Sonona" nalo hurudi salama, maadam wafasiri wote wawili wamesoma kamusi ileile. Kijana asiyelijua hayumo katika safari hiyo ya kwenda na kurudi. Hatua ambayo haifai kurukwa ni kuketi na vijana kumi au ishirini, kuwasomea swali moja moja, na kuwaomba walieleze kwa maneno yao. Hapo ndipo mambo hutokea. Swali la tano huuliza kuhusu kukosa hamu ya kula au kula mno. Katika kambi ya wakimbizi wa ndani, mtoto aliyekula mara moja kwa siku atajibu kwamba amekula kidogo karibu kila siku, naye atapewa alama tatu za huzuni kwa sababu ya njaa. Kiswahili kina neno "hamu", na swali likilitumia vizuri, likauliza kama chakula kikiwapo mtu hukitamani, kosa hilo hupungua. Swali la saba katika asili yake hutaja kusoma gazeti au kutazama televisheni. Mwanafunzi wa kijijini atahitaji mfano mwingine, kama vile kumfuata mwalimu ubaoni.

Swali la tisa huuliza kama mtu amewaza kwamba ingekuwa heri afe, au kujidhuru. Baadhi ya wajenzi huliondoa kwa hofu ya kumtia kijana wazo ambalo hakuwa nalo. Uchunguzi uliofanywa mara nyingi hauungi mkono hofu hiyo: kuuliza kwa upole na kwa uwazi hakuongezi hatari. Kinachodhuru ni kuuliza, kupokea jibu la ndiyo, kisha kumwonyesha mtu jumla ya alama zake na kumwacha hapo.

Sauti ya yaya

Nani anayesema katika ukurasa? Tovuti nyingi husema kwa sauti ya wizara. Humwita msomaji "mgonjwa", "mteja" au "mtumiaji", na kijana hajioni katika mojawapo. "Mtoto" humdhalilisha mtu wa miaka kumi na sita aliyekwisha kulea wadogo zake. Kongo ina neno "yaya", la kumwita kaka au dada mkubwa, nalo lina heshima na ukaribu kwa pamoja. Mtu humweleza yaya jambo ambalo hawezi kumweleza baba. (Ni vema ikumbukwe kwamba Nairobi na Dar es Salaam yaya ni mlezi wa watoto anayelipwa mshahara, kwa hiyo maandishi yaliyotungwa huko hayahamishwi hivi hivi, wala ya huku hayapelekwi huko.)

Neno hilo lina msingi hata katika tiba. Katika jaribio kubwa la Shamiri, lililochapishwa mwaka 2021 na kuhusisha wanafunzi 413, vikundi viliongozwa na vijana waliotoka kumaliza sekondari, wenye umri wa miaka 17 hadi 21, waliopewa mafunzo mafupi. Huko Kivu kwenyewe, jaribio lililochapishwa mwaka 2013 juu ya wanawake zaidi ya 400 waliofanyiwa ukatili wa kijinsia lilionyesha kwamba tiba ya mazungumzo katika vikundi inaweza kuongozwa na wasaidizi wa hapohapo wasio na shahada, mradi wafundishwe na wasimamiwe.

Kuhusu lahaja, suluhisho la busara ni kutenganisha kusoma na kusikia. Kijana wa Kongo hujifunza kusoma mambo mazito kwa Kifaransa, na Kiswahili hukisikia kuliko anavyokisoma. Maandishi na yawe ya Kiswahili sanifu chepesi, yenye sentensi fupi; kando ya kila ukurasa iwepo sauti iliyorekodiwa, moja ya Lubumbashi, moja ya Bukavu, moja ya Kisangani. Sauti hizo zisiwe nzito, kwa kuwa mega hununuliwa kidogo kidogo, na picha za kupendeza za vijana wanaotabasamu humaliza kifurushi kabla ya neno la kwanza kufika.

Siri, sheria na namba ya simu

Simu ya kuazima huwa na macho mengi. Kwa hiyo ukurasa usidai jina, wala namba ya simu, wala anwani; uwe na kitufe cha kuondoka haraka; na jina la tovuti lenyewe lisimfichue aliyeifungua. Jina kama Tulizo lingepita bila kuulizwa. Siri ina upande wa pili pia, ule wa wenye tovuti. Januari 2022 ilifichuliwa kwamba Crisis Text Line ya Marekani, inayowajibu watu wenye dhiki kwa ujumbe wa simu, ilikuwa ikiipa kampuni ya kibiashara iliyohusiana nayo maandishi ya mazungumzo hayo, majina yakiwa yameondolewa. Sheria haikuwa imevunjwa kwa dhahiri, lakini ushirika huo ulikatishwa siku chache tu baadaye, kwani watu waliona kwamba kilio chao kimegeuzwa malighafi. Mwaka uliofuata, shirika jingine la Marekani la kuwasaidia wenye maradhi ya ulaji liliiondoa mashine yake ya kujibu, Tessa, baada ya kugundulika kwamba iliwapa watu wa namna hiyo mashauri ya kupunguza uzito. Ikiwa hayo yametukia katika Kiingereza, lugha ambayo mashine hizo zimelishwa kuliko zote, ni hatari kuiachia mashine peke yake kazi ya kumjibu kijana anayeandika kwa Kiswahili cha Maniema.

Sheria nayo hubadilisha maana ya maneno. Nchini Kenya, kifungu cha 226 cha sheria ya jinai kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa, hadi Mahakama Kuu ilipokitangaza kuwa kinyume cha Katiba mnamo Januari 2025. Kabla ya hapo, kijana wa Kisumu aliyejibu "ndiyo" kwa swali la tisa alikuwa karibu na kukiri kosa. Ukurasa unaovuka mipaka, kama Kiswahili kinavyovuka, hauna budi kuandikwa na mtu anayejua sheria ya kila upande.

Mwisho wa kila ukurasa ni mahali pa kupelekwa. Kenya na Tanzania zina namba 116 ya msaada kwa watoto. Kwa upande wa Kongo yaweza kutajwa SOSAME mjini Bukavu, Tulizo Letu mjini Goma, kituo cha Joseph Guislain mjini Lubumbashi, na CNPP ya Chuo Kikuu cha Kinshasa. Kuyaandika majina hayo ni kazi ya dakika tano. Lakini Goma ilitwaliwa na M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari. Uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa, benki zikafunga milango, na kijana aliyeambiwa aende kituoni siku hizo alihitaji kujua kwanza kama njia inapitika. Kwa sababu hiyo, katika bajeti ya tovuti, kabla ya fedha za mafundi na za picha, uwekwe mshahara wa mtu mmoja ambaye kila Jumatatu atapiga simu katika kila kituo kilichotajwa, aulize kama mlango uko wazi, nani anapokea wageni, na kwa lugha gani, kisha aubadilishe ukurasa siku hiyohiyo.